Msumeno wa meza wa kubeba: tazama fensi kabla ya wati

Fundi anayefunga makabati ya jikoni Dar es Salaam ana sehemu mbili za kazi. Ya kwanza ni karakana, iwe Keko au uani kwake, ambako kuna ile mashine iliyochomelewa hapahapa mjini: meza ya bamba nene, mota ya hosipawa 3 chini yake, mkanda, na kipande cha engo kinachokazwa kwa klempu kila kipimo kinapobadilika. Mashine hiyo haihami. Ya pili ni saiti: ghorofa ya tatu huko Mbezi, ukuta haukunyooka, pengo kati ya kabati na ukuta ni milimita 38 juu na 31 chini, na mwenye nyumba amesimama mlangoni anaangalia. Hapo ndipo watu hutoa grinda iliyofungwa diski ya mbao, au sakula (msumeno wa diski) ya mkononi iliyopinduliwa na kukazwa kwa skrubu chini ya kipande cha plaiwudi. Zote mbili zinakata mbao. Zinakata na vidole.

Msumeno wa meza wa kubeba ulibuniwa kwa kazi za namna hiyo. Ni mashine ya kilo 20 hadi 35, yenye mota ya kaboni (vile vipande vidogo vinavyopitisha umeme kwenye shaba ya mota), bledi ya milimita 210 hadi 260 na meza ya alumini. Inaingia kwenye bajaji, na watu wawili wanaipandisha ngazi bila kupumzika njiani. Kwa bei za Marekani, daraja la kati huanzia kama dola 350 hadi 700; huku kwetu ongeza usafiri, ushuru na faida ya muuzaji. Chini ya hapo kuna mashine za bati jepesi ambazo zinafaa nyumbani kwa mtu anayetengeneza kibanda cha kuku. Juu ya hapo kuna mashine ambazo fundi wa kazi ndogondogo hatazirudishia pesa yake. Utata wote uko katikati, kwa sababu mashine za daraja hilo zinafanana sana zikiwa dukani na zinatofautiana sana zikishaanza kazi.

Wanunuzi wengi huchagua kwa wati. Mimi naona wati ni swali la tatu au la nne. Swali la kwanza ni fensi, yaani ule upau mrefu wa pembeni ambao mbao inauegemea wakati wa kuchana. Lakini wati ndizo zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, kwa hiyo tuzimalize kwanza.

Wati zilizoandikwa ubavuni

Namba ya wati kwenye kibandiko ni umeme unaoingia kwenye mota. Nguvu inayofika kwenye meno ya bledi ni pungufu, kwa kuwa sehemu ya umeme huo inageuka joto na kelele. Hilo ni kwa mashine zote na halina hila. Hila iko kwenye herufi ndogo zinazofuata namba. Ukiona S1, maana yake mota inaweza kubeba mzigo huo mfululizo bila kuungua. Ukiona S6 25%, maana yake katika kila dakika 10 mota inaweza kubeba mzigo huo kwa dakika mbili na nusu tu, na zilizobaki izunguke bure ipoe. Kwa hiyo mashine iliyoandikwa "2000W" kwa herufi kubwa na "S6 25%" kwa herufi za kutafuta kwa tochi inaweza kuwa ni mashine ya wati 1500 za kudumu. Kwa fundi anayekata vipande vitatu kisha akaenda kuvifunga, S6 inatosha. Kwa anayechana mbao 40 za dari asubuhi moja, haitoshi. Na kama kibandiko hakina S1 wala S6, muuzaji naye hajui, basi punguza matarajio.

Kwa kazi nyepesi, wati 1500 hadi 2000 zinatosha. Tanzania na Kenya soketi za kawaida ni zile za pini tatu za mraba, plagi yake ina fyuzi ya ampea 13, na kwa volti 230 hiyo ni karibu wati 3000. Mashine ya wati 2000 inavuta chini kidogo ya ampea 9. Soketi haina tatizo. Tatizo ni waya unaotoka kwenye soketi kwenda kwenye mashine.

Chukua ekstensheni ya mita 50 ya waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75, ile inayouzwa kwa ajili ya redio na feni. Umeme unakwenda mita 50 na kurudi mita 50. Kwa mashine ya wati 2000, njiani zinapotea volti 20 na ushee, na waya wenyewe unabeba mzigo usio wake. Ukiuacha umeviringishwa kwenye kigurudumu chake unaweza kuyeyuka. Waya wa 2.5 kwa umbali uleule unapoteza volti sita na nusu hivi. Sasa fikiria saiti ya mwisho wa laini, ambako umeme unafika ukiwa volti 205. Ukitoa 20 za ule waya mwembamba unabaki na 185. Bledi inapunguza mwendo, mbao inakwama, fundi anasukuma kwa nguvu, mota inachemka, halafu anasema mashine ni feki. Mashine ilikuwa nzima. Anayenunua msumeno wa daraja la kati na kuubana kwenye ekstensheni ya redio amenunua msumeno wa daraja la chini kwa bei ya kati.

Jenereta nayo ina hesabu yake. Mota hizi zikiwashwa bila kizuizi hudai umeme mwingi kwa sekunde ya kwanza, mara kadhaa ya kiwango chake. Kale kajenereta kadogo ka kuchanganya oili na petroli hakatauweza. Tafuta ya kVA 3.5 kwenda juu, na uchague msumeno wenye mwanzo wa taratibu, yaani unaopanda mwendo polepole badala ya kuruka ghafla. Ukiuwasha utausikia: mwingine unapiga "paa" na meza inatikisika, mwingine unapanda kama unajivuta.

Fensi, na kwa nini mbao inaruka

Bledi ya milimita 250 inayozunguka mara 4,800 kwa dakika ina meno yanayokwenda mita 63 kila sekunde. Hiyo ni zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Upande wako meno yanashuka kuelekea mezani na kuibana mbao chini, jambo jema. Upande wa nyuma meno yanapanda. Mbao ikiyagusa meno ya nyuma kwa ubavu, inainuliwa na kurushwa kuelekea ulikosimama wewe. Mafundi wengi wanadhani mbao hurushwa kwa sababu ya fundo au kwa sababu mashine ina nguvu mno. Mara nyingi sababu ni kwamba mbao imebanwa kati ya bledi na fensi, na imebanwa kwa sababu fensi haiko sambamba na bledi: mbele imeacha milimita 100, nyuma imeacha 99. Milimita moja tu, lakini mbao haina pa kupita isipokuwa kusuguana na meno yanayopanda.

Kwa hiyo fensi inabeba mambo mawili kwa mpigo. Ikiwa sambamba, unapata kipande kilichonyooka na mkato usio na alama za kuungua. Ikipinda, unapata kazi mbaya na hatari kwa pamoja. Mota dhaifu itakuchelewesha tu. Fensi mbovu itakuharibia shiti au itakupiga tumboni. Ndiyo maana nasema pesa ya msumeno huu iko kwenye fensi.

Katika daraja hili utakutana na aina tatu. Ya kwanza ni ya bati la alumini inayokazwa kwa mbele tu kwa kitasa. Hiyo ndiyo ya mashine za bei ya chini, na mwisho wake wa nyuma unacheza ukiugusa kwa kidole. Ya pili inabana mbele na nyuma kwa mpigo mmoja wa mkono. Inashika vizuri, ila ukiikaza vibaya inaweza kubana nyuma kwanza na kukaa mshazari. Ya tatu inatembea kwa meno: unazungusha kirungu kilichopo mbele, na reli mbili, ya mbele na ya nyuma, zinasogea pamoja. DeWalt ndiyo iliyoifanya aina hii ijulikane katika misumeno ya kubeba, na kwa maoni yangu hakuna kitu kimoja kinachookoa muda saitini kuliko hicho. Unasogeza nusu milimita bila kugonga kwa ngumi.

Usiamini jina, pima. Maduka ya Gerezani, Kariakoo, hawakatai mteja kujaribu mashine akionyesha kwamba kweli ananunua. Nenda na futi kamba nzuri, kalamu ya wino mzito na kigunia, yaani kile kipimo cha pembe mraba. Mashine ikiwa haijachomekwa, inua bledi mpaka juu. Mezani kuna mfereji unaokwenda sambamba na bledi, ule wa kuteleza geji ya pembe, kile kipande cha kusukumia mbao kwa pembe unayotaka. Huo ndio mstari wako wa kuanzia. Weka fensi popote, ikaze, kisha pima kutoka ukingo wa mfereji hadi fensi, kwanza mbele halafu nyuma. Fungua, isogeze, ikaze tena, pima tena. Fanya hivyo sehemu tatu au nne. Fensi nzuri inarudi sawa kila mara. Tofauti ya nusu milimita inavumilika ikiwa nyuma ndiko kupana. Ikiwa nyuma ndiko kwembamba, uliza kama kuna skrubu za kurekebisha, na mwambie arekebishe ukiwa palepale. Kisha sukuma mwisho wa nyuma wa fensi kwa kidole gumba. Ukiona unakwenda na kurudi, mwachie.

Baada ya fensi, bledi yenyewe. Weka alama ya kalamu kwenye jino moja. Lizungushe jino hilo hadi mbele, pima umbali wake na mfereji; lizungushe hadi nyuma, pima tena. Tumia jino lilelile mara zote mbili, kwa sababu bledi inaweza kuwa na wimbi dogo na usipofanya hivyo utapima wimbi ukidhani unapima mashine. Umbali ukitofautiana, bledi haiko sambamba na meza. Mashine za daraja la kati huwa na bolti za kurekebisha hilo, na kitabu chake kinaonyesha zilipo. Za bei ya chini mara nyingi hazina, na hapo huna la kufanya.

Mwisho shika bledi kwa mkono na uitikise upande kwa upande. Ikigonga, beringi au shafti si nzima. Pitisha kigunia mezani juu ya kile kifuniko kinachozunguka bledi: kikiwa juu ya meza, mbao itakwama pale kila mara, kikiwa chini, kipande chembamba kitazama. Vingi vina skrubu ndogo za kukisawazisha.

Geji ya pembe inayokuja kwenye boksi sitaitetea. Karibu zote za daraja hili zinacheza kwenye mfereji. Tengeneza kigari chako cha plaiwudi chenye miguu miwili inayoteleza kwenye mifereji, na ile geji iache kwenye boksi lake.

Kisu cha nyuma

Nyuma ya bledi kuna bamba jembamba la chuma linalosimama ndani ya mkato na kupanda na kushuka pamoja na bledi. Kazi yake ni kuzuia mbao isijifunge na kuyagusa yale meno yanayopanda. Mbao zetu nyingi hukauka zikiwa zimepangwa barabarani, wiki mbili juani na usiku mmoja wa mvua, kwa hiyo zina mkazo ndani. Ukiichana 2x6 ya paina iliyokaushwa hivyo, utaona mkato nyuma ya bledi unajifunga wenyewe kabla hujafika katikati. Bila kisu cha nyuma mbao hiyo inaishika bledi kwa pande mbili.

Mafundi wengi hukitoa siku ya kwanza pamoja na kifuniko cha juu, wakidhani ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Kifuniko cha juu kinaweza kutolewa kwa mikato fulani ambayo haiwezekani kikiwepo. Kisu hakina sababu ya kutoka, kwa kuwa kile cha kisasa kiko chini kidogo ya kilele cha bledi na hakizuii chochote. Ukikagua msumeno dukani, hakikisha kisu kinapanda na kushuka pamoja na bledi na kwamba kifuniko kinachomoka peke yake.

Kuna namba iliyochongwa kwenye kisu hicho ambayo wachache huisoma. Inakuambia unene wake, tuseme milimita 2.2, na mara nyingi unene wa bledi inayokubalika. Mkato wa meno lazima uwe mpana kuliko kisu, na bamba la bledi liwe jembamba kuliko kisu. Ukinunua bledi ya mkato wa milimita 2.0 kwa sababu ni rahisi, mbao itafika kwenye kisu na kugoma. Fundi asiyejua sababu anakitoa kisu. Alichotakiwa kukitoa ni ile bledi.

Kina na upana

Shiti la plaiwudi au MDF ni futi 8 kwa 4, yaani milimita 2440 kwa 1220. Nusu ya upana wake ni 610. Msumeno ambao fensi yake inafika 610 kutoka kwenye bledi unaweza kulipasua shiti katikati. Usiofika hapo utakulazimisha kupima na kukata kwa mkono kila mara. Ndiyo maana namba za watengenezaji huzunguka hapohapo: DeWalt DWE7485 ya bledi ya 210 inafika 622, na Bosch GTS 635-216 imejitaja yenyewe kwenye jina, 635 ya fensi na 216 ya bledi. DWE7492 ya bledi ya 250 inafika 825, ambayo kwa fundi wa makabati ni anasa kidogo.

Lakini kufika ni jambo moja, na kulisukuma shiti zima juu ya mashine ya kilo 22 ni jambo lingine. Shiti la MDF la milimita 18 lina karibu kilo 39. Shiti ni zito kuliko msumeno. Ukilisukuma bila meza za kupokea nyuma na pembeni, mashine yote inaelekea kupinduka, na wakati huo bledi inazunguka. Njia ya wenye uzoefu ni kulikata shiti chini sakafuni kwa sakula ya mkono na upau ulionyooka, ukiacha ziada ya milimita 10, kisha vipande vidogo ndivyo vinakwenda mezani kupata kipimo cha mwisho. Ukifanya kazi hivyo, utagundua kwamba upana mkubwa wa fensi hauuhitaji kama ulivyodhani.

Kina ndicho kinachowagawa watu kati ya bledi ya 210 na ya 250. Ya 210 inakata milimita 65 hivi ikiwa wima na 45 ikilazwa nyuzi 45. Ya 250 inakaribia 77 ikiwa wima, na Makita MLT100 yenye bledi ya 260 inafika 93. Kama kazi yako ni mashiti, skatingi, dari na fremu za mbao za inchi mbili, 65 inatosha na mashine yako itakuwa nyepesi. Angalia tu pale kwenye 45: mbao ya inchi mbili ambayo haijarandwa ina milimita 50, kwa hiyo bledi ndogo ikilazwa haitoboi upande wa pili. Anayetengeneza fremu za milango za mninga au mkongo, inchi tatu kwa nne, anahitaji bledi kubwa, na Makita hiyo yenye zaidi ya kilo 30 inaeleweka kwake ingawa mgongo utalalamika.

Bledi kwa mbao zetu

Bledi inayokuja na mashine huwa ya meno 24 au 28, iliyokusudiwa kuchana kwa haraka. Ukiipitisha kwenye MDF yenye ganda la melamini itakutafunia kingo mpaka mteja aulize kama panya wamepita. Kwa mashiti weka meno 60 hadi 80. Kwa kuchana mbao kwa urefu rudi kwenye 24. Anayetaka bledi moja tu achukue ya 40, akijua kwamba itafanya kila kazi kwa wastani.

Mbao ina tabia yake. Paina ya Sao Hill ina utomvu unaoganda kwenye meno. Bledi inaonekana butu kumbe ni chafu, na kitambaa chenye mafuta ya taa kinairudisha kazini. Mninga unakatika kwa upole. Mvule unaweza kuwa na vijiwe ndani, kweli vijiwe vya chokaa vilivyoganda kwenye mti, na mtiki una chembe za silika. Yote miwili inamaliza makali haraka. Meno yawe ya kabaidi, na fundi wa kuyanoa awe na mashine ya jiwe la almasi, maana jiwe la kawaida la kunolea visu halifai hapo. Vumbi la mbao limo kwenye kundi la vitu ambavyo shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, limethibitisha vinasababisha saratani kwa binadamu. Vaa barakoa ya vumbi, na chomeka bomba la kunyonya kwenye tundu la nyuma kama unalo.

Kabla ya kulipia bledi soma tundu la katikati. Mashine za soko la Ulaya hutumia milimita 30, za soko la Marekani hutumia inchi 5/8, ambayo ni karibu 16, na nyingine hutumia 25.4. Pete za kupunguza tundu zipo, lakini iwe pete iliyokaa kamili. Kujazia kwa bati la kopo nimeona watu wakifanya na sitaki kusimulia zaidi.

Swichi, umeme kukatika, na mashine za mtumba

Kwetu umeme hukatika katikati ya kazi. Fundi anaacha msumeno, anakaa kivulini, anasahau kuuzima. Umeme ukirudi, mashine isiyo na kinga inaanza kuzunguka yenyewe, pengine mtoto wa mwenye nyumba akiwa ameegemea meza. Swichi nzuri ina sumaku ndani: umeme ukikatika inajiachia, na ukirudi haiwaki mpaka uibonyeze tena. Kuijaribu ni rahisi. Washa mashine, zima soketi ya ukutani, subiri bledi isimame, washa soketi. Ikiwaka yenyewe, haifai kwa nchi zetu hata kama fensi yake ni ya dhahabu.

Kuna teknolojia nyingine ya usalama ambayo watu huiona kwenye video na kuiulizia: SawStop, uvumbuzi wa Mmarekani Stephen Gass, ambayo inahisi ngozi ya binadamu na kuisimamisha bledi ndani ya milisekunde 5 hivi. Inafanya kazi kweli. Kila inaporuka, kizibo chake cha breki kinakwisha na bledi inaharibika, na mbao mbichi yenye maji inaweza kuidanganya iruke bure. Kwa mtu anayefanya kazi na mbao zilizotoka shamba mwezi uliopita, na vizibo vyenyewe vya kuagiza nje, bado ni kitu cha kutamani. Pesa hiyo itoshe kwanza kijiti cha kusukumia, kisu cha nyuma kilicho mahali pake, na mazoea ya kusimama pembeni ya mstari wa bledi. Glavu usivae, zinavutwa.

Mashine za mtumba ndizo zenye mtego mkubwa kuliko zote, maana zinavutia. Saiti za ujenzi Uingereza hutumia vifaa vya volti 110 vyenye plagi ya njano ya duara, na vinapochakaa au kampuni inapobadilisha vifaa, baadhi hufika huku vikiwa katika hali nzuri sana. Za Marekani ni za volti 120. Ukiikata plagi na kuichomeka kwenye 230, mota itazunguka kwa kasi ambayo bledi haikutengenezwa kuihimili, halafu itaungua. Transfoma inasaidia, lakini kwa msumeno wa wati 1800 unahitaji ya kVA 3, na hiyo si nyepesi. Unaanza kubeba mizigo miwili kupanda ghorofa. Ikiwa utaitumia karakanani tu, ni biashara nzuri. Kwa saiti, achana nayo. Soma kibandiko cha volti kabla ya kuuliza bei, maana ukishauliza bei na ukaambiwa nusu, macho hayataki tena kusoma.

Mashine za betri kama DCS7485 ya DeWalt zinafaa sana kwa ukamilishaji ambako umeme haujafika. Ila fanya hesabu ya betri mbili na chaja yake kabla ya kufurahi.

Kuhusu jina, msumeno wa kampuni kubwa unakuja na kitabu na vipuri vinavyojulikana namba, lakini ukivunja kirungu cha fensi unaweza kusubiri kipuri kwa wiki. Chapa za Ingco na Total zimesambaa madukani Tanzania na Kenya, na vipuri vyake huwa karibu zaidi. Kwa hiyo muulize muuzaji, kabla ya bei: kaboni zake zipo? swichi yake ipo? Akikuonyesha, nunua jozi ya kaboni siku hiyohiyo, uzibandike kwa selotepu ndani ya meza ya mashine. Kaboni zikibaki milimita 5 au 6, badilisha zote mbili kwa pamoja. Usisubiri mota ianze kutoa cheche za bluu na harufu, wala usikate kaboni kubwa ya grinda kwa tupa ili iingie. Ugumu wake ni tofauti, na inachimba shaba ya mota mpaka kinachobaki ni kupeleka kwa fundi wa kusuka mota.